Kitanda Kwanza, Nauli Baadaye

Tangu nirudi kutoka Peru, swali ninaloulizwa zaidi kantini ni moja: "Ilikugharimu shilingi ngapi?" Ni swali la haki. Sisi tunaoishi kwa bumu tunapima safari kwa vitu viwili, nauli na bei ya kulala. Nauli ya chini ikikutana na kitanda cha bei poa, tumemaliza kupanga. Lakini kwenye milima ya Andes kuna hesabu ya tatu inayotangulia hizo mbili, nayo ni mita. Siyo mita za kwenda mbele, ni mita za kwenda juu.

Kwangu mimi hesabu hiyo ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu mimi ni AS. Mdogo wangu ana selimundu. Alipogundulika, nyumbani tulipimwa wote, na mimi nikakutwa nimebeba nusu tu ya kile anachokibeba yeye. Mtu wa AS si mgonjwa. Unasoma, unacheza mpira, unazeeka kama wengine. Wengi wetu hapa chuoni ni AS na hatujui, maana Tanzania ni moja ya nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu, na kwetu Kanda ya Ziwa ndiko walipo wengi zaidi. Tatizo linaweza kuja pale oksijeni inapopungua sana. Chembe nyekundu za damu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa ndani ya bandama. Haitokei kwa kila mtu, wengi hupanda milima na kushuka salama. Ila ikikutokea, hiyo siyo ya kumeza panadol ukalala.

Daktari aliyenishauri kabla ya safari hakunikataza. Alinipa masharti. Nisiruke moja kwa moja kutoka baharini kwenda juu ya mita 3,000. Nikishafika huko, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Nisilale kabisa juu ya mita 3,500. Ninywe maji mengi, nisikimbizane na mizigo siku za mwanzo. Na nikisikia maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, nishuke siku hiyo hiyo, niende hospitali, na neno la kwanza niwaambie ni kwamba mimi ni AS. Niliandika hayo kwa Kihispania kwenye kikaratasi nikakiweka pamoja na pasi.

Nilikuwa Lima kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Muhula ulipoisha nilibakiwa na siku 16 na hela kidogo. Mwenzangu wa safari alikuwa Mkenya wa Eldoret tuliyesoma naye huko, kaka mcheshi asiyechoka. Yeye alikuwa na hela kidogo kuliko mimi. Wote tulitaka kufika Machu Picchu. Mimi nilikuwa na la ziada: nilitaka kuliona Ziwa Titicaca. Mtoto wa Mwanza aliyekulia kando ya ziwa, asione ziwa jingine likiwa juu ya milima?

Wanafunzi wengi pale Lima walikuwa na njia mbili za kwenda Cusco. Ndege, saa moja na ushee. Au basi la moja kwa moja, zaidi ya saa 20. Walibishana kuhusu bei na uchovu. Hakuna aliyesema kwamba njia zote mbili zinakulaza mahali pamoja usiku wa kwanza: Cusco, mita 3,399, na juzi tu ulikuwa Lima unasikia mawimbi. Ndiyo maana wageni wengi huamka na kichwa kinachogonga na tumbo linalokataa chakula. Wenyeji huita hali hiyo soroche, na hotelini wanakupa chai ya majani ya koka.

Basi mimi nikageuza mpango. Badala ya kuanza na nauli, nikaandika orodha ya vitanda, kila kimoja na mwinuko wake. Arequipa, 2,335. Ollantaytambo, 2,792. Aguas Calientes, mji ulio chini ya Machu Picchu, kama 2,040. Mwisho kabisa Cusco, 3,399. Baada ya hapo ndipo nikatafuta usafiri wa kuunganisha vitanda hivyo.

Nilipomwonyesha mwenzangu, alicheka mpaka akashika meza. "Sasa wewe dada, unataka kulipia hewa? Mimi nimezaliwa mita elfu mbili na mia moja, hiyo Cusco ni kama kwenda kwa shangazi!" Nikamweleza kuhusu bandama. Akanyamaza. Kisha akasema kitu ambacho nilikiheshimu: "Mimi sina pesa ya kufuata hiyo njia yako yote. Lakini sitaki uifuate yangu." Tukakubaliana tutakuwa pamoja pale njia zinapokutana.

Kutoka Lima hadi Arequipa tulipanda basi moja, kama saa 16, sehemu kubwa kandokando ya Pasifiki, jangwa upande mmoja na bahari upande wa pili. Hapo tulichagua basi la usiku na tukaokoa pesa ya kitanda, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia iko chini. Mabasi ya huko yana madaraja ya viti: semi-cama kinalala nusu, cama kinalala karibu chote. Tulichukua semi-cama. Kwa mtu aliyezoea kiti cha watu watatu kutoka Mwanza hadi Dar, ile ni anasa.

Arequipa tulikaa usiku nne. Tulichukua vitanda kwenye bweni la wasafiri lenye jiko, tukawa tunanunua viazi na mboga sokoni San Camilo na kupika wenyewe. Mwenzangu aliona usiku nne ni kupoteza muda. Kwangu hizo siku ndizo zilikuwa safari yenyewe: mwili ulikuwa unafanya kazi wakati mimi natazama mlima Misti.

Hapo njia zikaachana. Mwenzangu alipanda basi la usiku la kwenda Cusco. Mimi nilikata tiketi ya ndege, karibu mara mbili ya nauli yake. Mtu anaweza kudhani ndege ndiyo inapanda juu zaidi, lakini angalia: hewa ndani ya ndege ya abiria hushindiliwa iwe kama ya mahali pasipozidi mita 2,400 hivi. Basi lile hutembea saa kadhaa juu ya mita 4,000, usiku, abiria wamelala, hawanywi maji, na kushuka katikati ya njia hakuna. Kwa mwili wangu, ndege ndiyo iliyokuwa njia ya chini.

Cusco sikulala. Nje ya uwanja nilichukua teksi hadi wanapopakia watu wa Ollantaytambo kwenye vigari vidogo vinavyoitwa colectivo. Ni kama daladala: kinaondoka kikijaa. Barabara hupanda kidogo hadi Chinchero kisha inateremka kwenye bonde, na chini ya saa mbili nilikuwa nimeshuka zaidi ya mita 600 kutoka Cusco. Nilipanga chumba kwenye nyumba ya familia. Maswali niliyouliza kabla ya bei yalikuwa haya: chumba kiko chini au ghorofa ya tatu? Kuna mtu wa kufungua mlango usiku nikizidiwa? Zahanati iko umbali gani? Blanketi ni ngapi? Vyumba vya bei hiyo havina kipasha joto, na usiku wa Juni kule ni baridi kweli. Mama mwenye nyumba alinipa mablanketi manne mazito nikawa nalala kama gunia chini ya magunia.

Kwenda Aguas Calientes hakuna barabara ya moja kwa moja. Kuna treni kutoka Ollantaytambo, na bei yake kwa mgeni inauma. Wenye hela kidogo huzunguka: gari kutoka Cusco hadi mahali panapoitwa Hidroeléctrica, kama saa sita au saba, halafu kutembea kando ya reli kilomita 10 hivi. Mwenzangu alikwenda hivyo. Njia hiyo inavuka kilele cha Abra Málaga, mita 4,316. Treni inafuata mto, inateremka tu. Nikalipa treni.

Tulikutana Aguas Calientes jioni. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, anacheka, mzima wa afya. Hakuumwa hata kichwa tangu Arequipa. Alikuwa ametumia karibu nusu ya nilichotumia mimi. Asubuhi tulisimama Machu Picchu pamoja, na picha zetu ziko sawasawa.

Baadaye tulilala Cusco usiku mbili. Mimi pia sikuumwa. Kutoka hapo yeye akaenda Puno, na mimi ndipo nilipoacha kile nilichokitamani. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Titicaca liko 3,812, na njia ya kwenda huko inapita La Raya, juu ya 4,300. Kitanda cha Puno kilikuwa juu ya mstari wa daktari, na mimi sikuwa na siku za kutosha kujaribu kwa uangalifu. Siku mbili baadaye mwenzangu alinitumia picha za visiwa vya Uros, vile vinavyoelea juu ya matete. Niliitazama simu Lima, nikiwa usawa wa bahari, na roho iliniuma, sitaficha.

Swali gumu nililorudi nalo ni hili: je, ile pesa ilinisaidia? Sijui, na sitajua kamwe. Tahadhari ikifanya kazi, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea, na pengine kisingetokea hata hivyo. Ushahidi pekee nilionao ni simu za mama. Kila jioni nilipompigia na kusema shikamoo, aliitikia marahaba, halafu hakuuliza nimeona nini. Aliuliza, "Leo umelala mita ngapi, mwanangu?" Yeye amekesha wodini na mdogo wangu mara nyingi. Nilitaka kila usiku niwe na jibu ambalo lingemruhusu alale.

Kwa hiyo wewe unayepanga Andes, au hata Kilimanjaro letu hapa, ushauri wangu ni mfupi. Pima damu ujue kama ni AS, kisha zungumza na daktari kabla hujazungumza na wakala wa tiketi. Andika vitanda vyako na mwinuko wa kila kimoja. Mwambie ukweli unayesafiri naye, na msikilize naye akisema mfuko wake unafika wapi. Bei utaijua mwisho, na itakuwa bei ya safari yako, siyo ya mwenzako.