Babu na ndege ya kwenye kompyuta

Baba aliingia sebuleni kumwambia mwanawe azime kompyuta. Kijana alikuwa akicheza OpenTTD, mchezo wa kuendesha kampuni ya usafiri, na ujumbe ulikuwa umetokea: ndege yake aina ya DC-9 imezeeka.

"Naiuza," akasema.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu," babu akamzuia kutoka kwenye kochi.

Akaanza kuieleza: injini 2 mkiani, ngazi yake yenyewe, safari fupi kama Dar es Salaam hadi Nairobi. Alikuwa fundi wa East African Airways. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, alirudi nyumbani na spana zake, asiseme neno. Baba mwenyewe hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Babu, mliitunzaje?"

"Kwa kuikagua kabla haijalalamika."

"Hata humu, isipoingia karakana huharibika mara kwa mara."

Babu akacheka. "Basi ipeleke."

Kijana akaipeleka karakana. Baba alisahau kilichomleta. Akavuta kiti, akaketi. "Baba," akauliza taratibu, "siku ile uliporudi na spana, ilikuwaje?"