Kengele ya Kisauni

Neno utakatifu hutamkwa kwa heshima kubwa, na yamkini heshima hiyo ndiyo iliyoliweka mbali na watu. Wengi wetu tusikiapo habari za mtu mtakatifu, fikira zetu huwaendea wafu waliochorwa katika vioo vya makanisa, au mpole fulani aliyejitenga na dunia asije akakanyaga tope lake. Lakini katika kitabu cha Walawi, sura ya kumi na tisa, amri ya kuwa watakatifu hufuatwa na mambo ya shambani na sokoni: maskini waachiwe masazo ya mavuno, ujira wa kibarua usilale kwa tajiri hadi asubuhi, mizani iwe ya haki, na mgeni apendwe.

Mimi hulikumbuka jambo hili kila nipitapo Kengeleni, huko Kisauni, mahali palipopata jina lake kwa kengele ya wamisionari. Mwaka 1875 Kasisi W. S. Price wa C.M.S. alianzisha hapo makazi ya watumwa waliokombolewa na manowari za Waingereza baharini. Yaliitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1872 kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Kengele iliwaita watu kusali, na husimuliwa kuwa iliwaonya pia wavamizi walipokaribia.

Ningependa kusema kuwa palipolia kengele ile palikaa utakatifu, lakini historia hainipi ruhusa. Mwaka 1881 mambo ya Frere Town yalichunguzwa, kwa sababu msimamizi wake alikuwa akiwafunga wakazi na kuwachapa viboko. Fikiri, msomaji, hali ya mtu aliyeokolewa katika jahazi la watumwa, akavishwa nguo, akafundishwa sala, kisha akaukuta mjeledi ule ule katika mkono wa aliyemfundisha! Sala hazikukoma siku hizo, wala kengele haikunyamaza.

Katika watu wa Frere Town alikuwamo William Jones, Myao aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi, na kuletwa Mombasa mwaka 1864. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimtia ushemasi, kisha wakafuatana katika safari ya Uganda. Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara huko kwa Sundu, panapoitwa leo Mumias, akatangulia na watu wachache. Akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones alingoja hata akapata habari za msiba kwa waliosalimika. Ndipo akawarudisha wapagazi wake pwani, akafika Rabai mwezi wa Februari 1886. Safari ile husifiwa, na yastahili sifa.

Lakini kwangu mimi jambo lililo zito zaidi lilikuwa Rabai kwenyewe, palipo nyuma ya Changamwe, penye vilima. Watumwa waliowatoroka mabwana zao wa pwani walikuwa wakikimbilia huko. C.M.S. iliwakataza watu wake kuwapokea, kwa kuchelea ugomvi na mabwana wenye nguvu. Na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana silaha zilikwisha kutajwa. Upande mmoja palikuwa na agizo la wakubwa, na amani ya misheni nzima. Upande wa pili palikuwa na mtu mlangoni, amechoka, ambaye kurudishwa kwake ni mateso. Jones hakuwafukuza. Yeye alijua minyororo kwa mwili wake, na katika Torati aliyofundishwa imekatazwa kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia. Wapo wamwitao mkaidi. Mimi naona kuwa alikuwa akiisoma sura ileile ya Walawi, ila aliisoma mlangoni pake, na mgeni amesimama mbele yake.

Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alipotaka hesabu ya watoro katika misheni zile, walitokea kiasi cha 1,400, wengi wao wa Rabai. Mabwana zao walilipwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wakakusanyika Rabai, wakaitwa kwa majina yao, kila mmoja akapokea hati yake ya uhuru.