Dakika ya mwisho ya LUKU

Wadau, mnakumbuka mwaka 2024 TANESCO walipotangaza kwamba mita za LUKU ziboreshwe kabla ya Novemba 24? Ukinunua umeme unapewa tarakimu 60 badala ya 20: mafungu mawili ya kuboresha mita, la tatu ndiyo uniti zenyewe. Huku Kasulu na Kibondo, wilaya zilizoishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi, maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga aliniuliza, "Mwanangu, hawa si wanataka kutuibia uniti?"

Hapana, mzee wangu. Ndani ya zile tarakimu 20 umefichwa muda tokeni ilipotengenezwa, kwa hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993. Mita inakumbuka muda huo ili tokeni moja isiingizwe mara mbili. Sasa, hesabu hiyo ilitengewa biti 24 tu, na biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, basi. Chukua kikokotoo: zinaisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita isiyoboreshwa inaona tokeni mpya ni ya zamani. Inaikataa. Hela umeshalipa, mahindi ya watu yamekaa kwenye magunia.

Wapo wataalamu wanaothibitisha programu za namna hii kwa hisabati, kama tulivyothibitisha kanuni za jiometri sekondari. Mwaka 2009, kule Sydney, watafiti wa NICTA walithibitisha kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4: mistari kama 8,700 ya lugha ya C, uthibitisho wa mistari kama 200,000, kompyuta ikikagua kila hatua. Kazi ya watu wenye subira, si mchezo!

Lakini uthibitisho huo unalinganisha programu na maelezo iliyopewa. Maelezo yakisema biti 24, programu inayotii biti 24 inafaulu kwa alama zote, na mita yake ingekwama siku ile ile. Aliyepanga biti hizo ndiye wa kuulizwa, si fundi wa Kasulu.

Mimi nadai tarehe ya kuisha iandikwe kwenye mita, kama kwenye pakiti ya maziwa. Kiwango hicho cha kimataifa kina mwanzo mpya wa kuhesabia, mwaka 2014. Biti ni zile zile 24. Zitaisha mwaka 2045.