Magimba Matatu na Karatasi Niliyoirarua

Hasira hasara. Methali hiyo naijua tangu shule ya msingi, tena nimeitia katika insha nyingi nikapewa alama, lakini siku niliyoihitaji haikunijia kichwani.

Ilikuwa juma moja kabla ya maonyesho ya chama chetu cha sayansi. Mwalimu wa fizikia alitugawia kazi wawili wawili. Mimi na jirani yangu wa dawati tulipewa magimba matatu: tuyaweke kwenye karatasi ya grafu, kila moja na uzito wake na kasi yake, kisha tukokotoe hatua kwa hatua jinsi yatakavyovutana. Kila hatua unapima umbali, unatafuta mvutano, unabadilisha kasi, unalisogeza gimba, halafu unaanza upya. Magimba matatu, hatua arobaini! Kalkuleta ilikuwa moja, nayo ya kuazima. Yeye aliitumia mchana, mimi nikaenda nayo nyumbani jioni. Tuliafikiana kila mtu afanye yake, kisha tulinganishe.

Tulipolinganisha, aisee! Kwangu, lile gimba dogo lilikuwa limetupwa nje, linaelekea ukingoni mwa karatasi. Kwake lilikuwa bado linazunguka pamoja na wenzake, limetulia kama maji ya mtungini. Nilimwambia mbele ya wanachama wote kwamba amebuni tarakimu kwa sababu ya uvivu. Akasema hapana. Nikaichukua karatasi yake nikairarua vipande viwili. Hakunijibu. Aliinama, akaokota vipande vyake, akatoka.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliniambia niombe vile vipande, nivibandike kwa selotepu, halafu nipitie hesabu zote mstari kwa mstari. "Ukiliona kosa lake, njoo uniambie."

Nilikaa nazo siku tatu. Kosa sikuliona. Nikapitia zangu, na kwangu pia kujumlisha na kugawanya kulikuwa sawa. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: mimi kila jibu nililikata likabaki na nafasi mbili za desimali, yeye alibakisha tatu. Ati nafasi moja ya desimali! Hatua ya kwanza hadi ya kumi nukta zetu zilikaa pamoja. Kufikia ya 17 zilikuwa zimeachana kwa upana wa ncha ya penseli. Katika hatua ya 23 gimba dogo lilipita karibu sana na lile kubwa. Umbali kwangu ulikuwa 0.12, kwake 0.124.

Sasa hapo ndipo penye kiini. Mvutano haupungui wala kuongezeka polepole. Umbali ukibaki nusu, mvutano huwa mara nne. Ukibaki sehemu moja ya kumi, mvutano huwa mara mia. Zidisha 0.12 kwa 0.12, kisha gawa 1 kwa jibu hilo: utapata 69. Fanya vivyo hivyo kwa 0.124: utapata 65. Gimba langu likasukwa kwa nguvu zaidi, likabadilisha mwelekeo kidogo, na kwa hivyo likakutana na gimba la tatu mahali pengine. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alikuwa na ulimwengu wake.

Nilipomrudia Mwalimu alicheka. Alisema kwanza sote wawili tulikosea, kwa maana hatua zetu zilikuwa kubwa mno. Lakini hata tungepiga hatua ndogo ndogo kiasi gani, tungeachana tu, pengine baadaye kidogo. Magimba yakiwa mawili mambo ni rahisi: yanazunguka kitovu kimoja na njia inajirudia, na Newton alikwisha kulionyesha hilo mwaka wa 1687. Ukikosea kidogo mwanzoni, kosa linaongezeka kama mtu anayeweka akiba ya shilingi moja kwa siku. Yakiwa matatu, kila moja linavutwa na mawili ambayo nayo hayatulii, kwa hivyo njia haijirudii, na kosa linakua kama deni la mkopeshaji: riba juu ya riba. Kanuni ni ile ile, hakuna bahati nasibu hata chembe. Fujo inatoka ndani ya kanuni yenyewe.

Halafu akanisimulia habari ya Mfaransa Henri Poincaré, nami nikainamisha kichwa. Mfalme Oscar II wa Uswidi alikuwa ametangaza shindano la hisabati, na mwaka wa 1889 Poincaré akalishinda kwa kazi yake juu ya magimba matatu. Tuzo ilikuwa krona 2,500. Kazi ilipokuwa ikichapishwa, kijana mmoja mhariri, Edvard Phragmén, akaomba afafanuliwe sehemu kadhaa. Poincaré alipokuwa akipekua majibu akagundua kwamba amekosea vibaya, na nakala zimekwisha kupigwa chapa! Nakala zikakusanywa. Alilipia uchapishaji huo mwenyewe, zaidi ya krona 3,500, yaani kushinda tuzo yenyewe. Kazi aliyoitoa upya mwaka wa 1890 ndiyo iliyofichua vurugu hii ambayo sisi tuliikuta kwenye karatasi ya grafu. Mimi ningekuwa Phragmén, ningeirarua.

Huenda mtu akauliza: mbona basi jua na sayari zake zimetulia? Jua lina zaidi ya asilimia 99 ya uzito wote, na sayari zimeachana mbali, kwa hivyo vurugu yake huenda polepole mno. Lakini ipo. Mwaka wa 1989 Jacques Laskar, Mfaransa mwingine, alionyesha kwamba kosa la mita 15 katika mahali ilipo dunia leo huwa mita 150 baada ya miaka milioni 10, na kilomita milioni 150 baada ya miaka milioni 100. Huo wa mwisho ndio umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Mwaka wa 2009 yeye na Mickaël Gastineau waliipa kompyuta sayari hizi mara 2,501, kila mara wakiisogeza Utaridi kwa chini ya milimita moja. Takriban mara moja katika mia, njia ya Utaridi ilirefuka hata ikaweza kugongana na Zuhura au kutumbukia juani, katika muda wa miaka bilioni tano. Nilipoyasikia hayo niliikumbuka desimali yangu.

Nilimnunulia jirani yangu karatasi mpya za grafu kwa pesa zangu za chakula cha mchana. Poincaré angalau alikuwa na tuzo ya kuanzia. Alizipokea bila neno, na kwa siku nne tuliketi dawati moja tukiombana rula tu.

Siku ya maonyesho tulibandika karatasi zote mbili ukutani, yake ikiwa na selotepu katikati. Mzazi mmoja akasimama, akatazama huku na huku, akauliza ni ipi iliyo sahihi, na ile nyingine imepatwa na nini. Jirani yangu alinitazama, akaniachia mimi nijibu. Nikaeleza yote, pamoja na habari ya selotepu.