Staa wa Bongo alivyofuata sahihi ya dada wa kiitikio kwenye mashamba ya waini Franschhoek

Majina hayatajwi hapa. Anayetaka kubashiri abashiri kimoyomoyo, maana mmoja wao ana watoto wanaosoma na mwingine anaishi kwa kibali cha kazi kwenye nchi ya watu.

Ngoma yenyewe unaijua. Imepigwa kwenye bajaji, saluni, harusini, mpaka kwenye mahafali ya chekechea. Beti zake hakuna anayezikumbuka vizuri, hata shabiki wa damu akifika katikati anaanza kujiumauma. Kiitikio ndicho kila mtu anacho. Na kiitikio hicho hakikutungwa na staa mwenye ngoma. Kilitungwa na dada mmoja aliyeitwa studio siku ile aje kuitikia tu, akapewa shilingi 50,000 na nauli ya bodaboda, akaondoka zake.

Ushahidi upo, na aliyeuweka mtandaoni ni staa mwenyewe, zamani hizo kabla hajawa mkubwa, halafu akausahau. Ni kipande cha video cha dakika 2 hivi. Dada amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, prodyuza anarudia biti, staa anasikika akisema, "Hapa sina kitu." Dada anaanza kuguna mdomo ukiwa umefumba, mm-mm-mm, mara ya tatu maneno yanakuja. Yale yale unayoyajua.

Sasa ikatokea kampuni moja ya Ulaya inautaka wimbo kwa ajili ya tangazo. Wanasheria wao hawana haraka wala aibu. Walipekua kila kona, wakakiona kile kipande, wakauliza: huyu binti ni nani, na sahihi yake iko wapi? Bila karatasi ya mgawanyo yenye majina ya watunzi wote na asilimia zao, hela haitoki. Wala si mambo ya Ulaya peke yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na mtunzi ni mtunzi hata kama alikuja kwa bodaboda. Shida ni kwamba watu huikumbuka siku ambayo hela imeshabisha hodi.

Dada mwenyewe hakuwa tena Dar. Alimfuata mama yake mdogo Cape Town, akasuka nywele, akahudumu mgahawani, mwisho akapata kazi ya kuonjesha wageni mvinyo kwenye shamba moja la mizabibu Franschhoek. Staa akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma "mdogo wangu vipi, kimya sana". Tiki mbili za bluu, basi. Siku ya nne jibu likaja: "Nipo kazini wikendi yote kaka. Kuna tamasha. Njoo."

Kaka akakata tiketi.

Franschhoek ni saa moja na ushee kwa gari kutoka Cape Town. Jina lake maana yake ni kona ya Wafaransa, kwa sababu mwaka 1688 walifika huko Cape Wafaransa Waprotestanti waliokimbia kuteswa kwao kwa ajili ya dini, na baadhi yao wakapewa ardhi kwenye lile bonde. Zabibu walizijua. Ukiona picha zake Instagram ni kijani kitupu na glasi ya waini mbele ya mlima. Mwezi wa saba si hivyo. Ni mvua na baridi ya kung'ata masikio, mizabibu imekatwa matawi imebaki visiki vimejipanga mistari kama makaburi ya jeshi. Watalii wanapungua, na muziki ni njia mojawapo ya kuwavuta watu wikendi. Jirani yao Stellenbosch wana tamasha la kimataifa la aina hiyo tangu 2004. Hili la shambani lilikuwa dogo tu, Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, viti mia hivi ndani ya chumba cha mapipa.

Muziki wenyewe unaitwa muziki wa chemba. Tafadhali usicheke. Chemba ni chumba: ni muziki wa watu wachache, wawili mpaka wanane hivi, uliotungwa kwa ajili ya sebuleni na siyo uwanjani. Hakuna maiki, hakuna wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza, na kila sehemu ina mtu mmoja. Ukinyamaza, sehemu yako imekufa, hakuna wa kukufichia. Kwa mtu aliyezoea kupanda jukwaani na sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kompyuta ya DJ, hapo ni mahali pa hatari kidogo.

Jumamosi usiku staa akakaa mstari wa tatu na miwani yake nyeusi. Walikuwa wanne: violini mbili, viola na chelo. Wakapiga Haydn, kazi aliyoitunga 1781 na ambayo watu wameibatiza "Utani". Ilivyo ni hivi: mwishoni wimbo unaisha. Unasikia kabisa umeisha. Halafu hao wanaendelea. Wanakatiza tena, kimya, wanaendelea. Haydn aliutega makusudi, na zaidi ya miaka 200 mtego bado unanasa.

Ukamnasa. Kimya cha kwanza tu staa akapiga makofi, peke yake, makofi yale ya mtu anayejua kushangilia. Wale wanne wakamtazama, wakapiga tena kipande kidogo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akageuka akamkonyeza, kama anayemkaribisha kwenye chama. Na utani ulipoisha kweli, kwa maneno yale yale unaoanzia, hakuna aliyethubutu kugusa kiganja. Watu mia wamekaa na mikono hewani.

Dada alikuwa nyuma kabisa, amesimama mlangoni na sinia la glasi. Alicheka mpaka glasi zikagongana.

Wakati wa mapumziko akammiminia Pinotage, zabibu ya kwao kabisa, iliyozaliwa hapo Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili za Ufaransa. Staa akaigida kama maji ya Kilimanjaro. "Kaka, unaonja, halafu unatema kwenye hiyo ndoo," dada akamwambia. "Nitemeje kitu cha hela?" Akamiminiwa nyingine.

Kisha akamvuta chemba, ile chemba yetu sasa, jikoni pa kuoshea glasi. Akatoa karatasi. Prodyuza 35, yeye staa 60, dada 5.

"Tano ya nini?" dada akauliza.

"Ya kiitikio."

Dada akaendelea kufuta glasi. Hakupaza sauti, hakulia, na wale waliokuwepo wanasema hicho ndicho kilichomchanganya jamaa, maana alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Alichoambiwa ni: "Kesho kuna Schubert. Kaa uisikie, halafu tuongee."

"Ndege yangu kesho asubuhi, mdogo wangu."

"Basi safari njema kaka."

Tiketi ikabadilishwa, na kubadilisha si bure.

Hapa inabidi kusema kitu kuhusu huyu Schubert. Alikuwa kijana wa Vienna. Mwaka 1828 alitunga kazi ya watu watano, ile ya kawaida ya wanne ikaongezwa chelo ya pili. Akamwandikia mchapishaji, mchapishaji hakuichukua. Mwezi Novemba mwaka huo huo akafariki, ana miaka 31. Kazi ile ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1850. Miaka 22 baadaye. Leo ukumbi wowote wa muziki huo ukiitangaza, viti vinagombewa.

Dada haya yote hakuyasoma shule. Wapigaji walifika Alhamisi kwa mazoezi, na yeye ndiye aliyekuwa anafuta glasi mle mle ndani siku mbili nzima. Sehemu ya pili, ile ya polepole, aliisikia wakiirudia mpaka akaweza kuiguna.

Jumapili, kabla haijaanza, akapita pembeni ya kiti cha staa akainama. "Usimwangalie wa kwanza. Mwangalie wa pili."

Ukiwa mgeni utamwangalia violini wa kwanza tu, maana ndiye amekaa pembeni mbele na ndiye anayetikisika. Na kwenye sehemu ile ya polepole yeye anadokoa tu, vineno vifupi vifupi, kama mtu anayepiga stori kwa meseji. Chelo ya pili kule chini inadonolewa kwa vidole, tum, tum. Wimbo wenyewe, ule mrefu unaokutoa roho, uko kwa wale watatu wa katikati, na juu yao ni violini wa pili. Siku hiyo alikuwa msichana mdogo wa nywele fupi ambaye hata kwenye bango picha yake iliwekwa nyuma. Anavuta upinde taratibu kiasi kwamba huoni mkono ukitembea. Ukimtoa huyo, wa kwanza anabaki kuonekana kichaa, anajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Staa alivua miwani.

Baadaye, watu wakila supu, akamfuata mpiga viola na swali la Kibongo kabisa: mnagawanaje hela? Akajibiwa kwamba wao wanne wanagawana sawa, na makundi mengi ya wanne hufanya hivyo. "Hata wa pili?" Hata wa pili. Mpiga viola alimshangaa, kama vile ameulizwa kama wa pili naye hula.

Mazungumzo yalirudi jikoni. Dada akataka 25. Staa akampigia simu prodyuza akiwa maegesho, mvua inamnyeshea, prodyuza akakataa kushusha hata nukta. Haya, 35 zake ziheshimiwe. Kwa hiyo 25 zitoke mfukoni kwa staa, abaki na 40. Alizunguka gari la kukodi mara mbili, akarudi, akasema sawa.

Ungedhani imeisha. Dada akaongeza jambo moja: jina lake liandikwe kwenye maelezo ya video YouTube. Mtunzi wa kiitikio, fulani binti fulani.

Hapo ndipo jamaa aligoma. Akapanda mpaka 30 bila jina. Akasema 33. Mtu aliyetoka kulilia asilimia 5 sasa anazimwaga kama njugu, ilimradi jina lisionekane. Na ukifikiria, hesabu yake inaeleweka. Hela ikitoka inarudi kwenye shoo ijayo. Lakini jina likiingia pale, kila anayeimba kile kiitikio atajua siku ile studio nani alisema "hapa sina kitu". Miaka yote amehojiwa redioni jinsi kilivyomjia, na ana stori nzuri kabisa, ya usiku, mvua, na mama yake mgonjwa. Stori ile ingekwenda wapi?

"Kaka, mimi nakuitikia tangu tupo Temeke," dada akasema. "Sijawahi kukuharibia. Hata sasa sikuharibii. Niandike tu."

Wakakaa kimya mpaka mashine ya kuosha glasi ikamaliza mzunguko wake na kuanza mwingine. Kisha akaomba kalamu. 35, 40, 25. Karatasi ilichukua doa la Pinotage kwenye kona, na inasemekana wanasheria walipotumiwa nakala waliuliza doa ni la nini.

Jina liliingia Jumatano usiku, mida ya watu kulala. Dada hakuambiwa na mtu. Mama mdogo ndiye aliyepiga picha ya skrini akamtumia, bila neno, na vigelegele vya emoji mstari mzima. Chini ya video tayari watu walikuwa wanauliza huyu ni nani, mwingine anasema ni mbinu ya kutafuta kiki, mwingine kaweka kile kipande cha ndoo ya rangi. Staa hajajibu komenti hata moja. Hajalifuta pia.

Hela ya tangazo bado haijaingia.