Daktari aliyeuliza habari za mawe ya Kibumba

Wiki hii ninawapandisha Kibumba, kwa mama yangu mzazi.

Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapita Munigi, Kanyaruchinya na Kibati. Maeneo ya Kibati utaona mawe meusi kando ya njia: ni lava ya tarehe 22/5/2021, ile iliyoikata barabara usiku tuliokimbia na watoto mgongoni. Toka hapo baridi inaanza kuingia kwenye kitenge. Kushoto ni Nyiragongo, kulia ni Mikeno wenye mita 4,437, ukungu ukiruhusu. Njiani unapishana na vijana wanaoshuka na chukudu zilizojaa kabichi, karoti na puaro. Mashu mengi tunayonunua sokoni Goma yanatoka huko juu.

Kitu kimoja Kibumba haina: mto. Mvua inanyesha vizuri, lakini maji yote yanazama ndani ya mawe ya volkano. Wanaokumbuka kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya mwaka 1994 wanajua kwamba maji yalikuwa yanaletwa kwa malori. Mpaka leo watu wanakinga mvua inayotoka kwenye mabati, na ikikosekana, mwanamke anabeba kibido na kwenda kutafuta. Anatembea juu ya mawe yanayokata kama chupa iliyovunjika, na wengi tunatembea na ndala, au miguu mitupu.

Mama ana ugonjwa wa sukari tangu 2019. Mwisho wa 2022 vita vilipofika Kibumba, alikimbilia Kanyaruchinya pamoja na maelfu ya majirani, akalala chini ya shitingi. Mimi naishi mjini, nikamtafutia munganga bingwa wa sukari. Jina lake na mahali anapofanyia kazi siyatoi. Alijua kazi yake, hilo sibishi. Lakini alikuwa anazungumza nami kwa Kifaransa, kama vile mama hayupo. Kipimo kikitoka juu, alitupa fishi mezani. “Mwambie aache viazi. Mwambie kama hataki kusikia asirudi.” Mama, ambaye wakati huo alikuwa anakula kile kilichogawiwa kambini, aliangalia chini.

Mimi nilimwambia nini tulipotoka? Nilimwambia avumilie, daktari mkali ndiye anayeponyesha. Naandika haya nikiona haya. Nilikuwa naogopa kumkasirisha mtu mwenye elimu, basi nikamwacha mama yangu abebe hofu yangu.

Mwanzo wa 2025 watu wa kambi walirudi makwao, na mama akarudi Kibumba kwenye shamba lililoota magugu. Randevu ya kwanza hakushuka. Ya pili pia. Kwenye simu alisema mvua, alisema pikipiki ni ghali, alisema kuna barabara na vizuizi vyake. Yote yalikuwa kweli. Lakini siku nilipopanda kumwona nilikuta amefunga kidole cha mguu kwa kipande cha kitenge. Chini yake kulikuwa na kidonda, na harufu. Alisema hakisikii maumivu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. “Mwanangu, ungenirudisha kwa yule.”

Usiku ule sikulala. Wenzetu wa AVEC walinikopesha feza za safari, na mmoja wao, ambaye mume wake ana sukari pia, alinielekeza kwa daktari mwingine. Mama mkwe wangu alisema kubadili daktari ni kumdharau yule wa kwanza. Sikujibu. Nilikwenda kwanza mapokezi ya yule wa zamani kuomba karatasi za vipimo. Nilitetemeka kama mwizi. Karani akatoa kopi bila hata kuniangalia usoni. Hofu yote ile kwa ajili ya karatasi nne! Nikaweka na maboksi ya dawa zote kwenye mfuko, hata majani ya kuchemsha aliyopewa na jirani.

Tulishuka alfajiri. Daktari wa pili alisimama, akamsalimia mama kabla yangu. “Mama, mmetoka wapi?” Kibumba. “Mmetoka saa ngapi? Umekula?” Mama alikuwa amemeza dawa zake saa kumi na moja, bila kula, kwa sababu anajua hospitalini wanataka tumbo tupu. Akaeleza kwamba njiani alitokwa jasho na mikono ikatetemeka. Mimi nilifikiri ni baridi. Daktari alichukua maboksi, akaonyesha kidonge kimoja, cha glibenklamide: hiki kinashusha sukari hata kama hujala kitu, kinaweza kukuangusha njiani. Siku ya kipimo ukisafiri bila kula, usikimeze, kilete mkononi. Na mfukoni uwe na sukari kidogo au ndizi mbivu. Miaka yote ile hakuna aliyetuambia, kwa sababu hakuna aliyeuliza saa tunayotoka nyumbani.

Kisha alipiga goti, akafungua kile kitenge mwenyewe. Alimwambia mama afumbe macho, akagusa vidole vya miguu kwa ncha ya kidole chake, kimoja kimoja. “Nagusa wapi?” Mama alijibu, akajibu, halafu akanyamaza. Vidole vitatu vilikuwa vinaguswa na yeye anangoja aguswe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sukari imekula mishipa ya hisia, na mama angeweza kutembea siku nzima na jiwe ndani ya nyama.

Daktari akauliza: maji unayateka wapi? Njia ikoje? Unavaa nini? Mama akaanza kumweleza mawe ya Kibumba, kwa Kiswahili chake kidogo kilichochanganyika na Kinyarwanda, na yule mtu akasikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo hospitalini.

Viazi hakumkataza. Alikunja ngumi: kiasi hiki, na maharage, na shu nyingi. Mama akacheka, maana shu si shida kwake.

Sitaki mfikiri kwamba alifanya muujiza. Dawa ni karibu zile zile. Kidonda kilichukua wiki nyingi kufunga, kikioshwa na kufungwa kwenye kituo cha afya cha huko juu, na ukucha mmoja haukurudi. Sukari yenyewe bado inapanda siku nyingine. Tofauti ni kwamba ikipanda, mama anasema.

Nilimnunulia mabote ya mpira na soksi nene. Kila asubuhi anayageuza na kuyapiga ukutani, kokoto zitoke, kisha anaingiza mkono ndani kupapasa kabla ya kuvaa. Jioni mjukuu wake wa miaka tisa anamulika nyayo kwa tochi ya simu na kutafuta mikwaruzo. Mara ya mwisho nilipopanda, mtoto alinifukuza kwenye kigoda: “Shangazi, ondoka kidogo, ninampima koko.”

Randevu ni Jumanne ijayo. Mama ameshatenga kabichi mbili za daktari, kubwa, na anauliza kama pikipiki itakubali kuzibeba bila kuongeza bei.