Sanduku la Bab Makkah

Mwezi uliopita binti yangu alirudi nyumbani na kazi ya shule: kila mtoto atengeneze kitu kinachotumia umeme, kisha asimame mbele ya darasa aeleze kinavyofanya kazi. Nikamwambia asihangaike, hiyo kazi naijua. Ijumaa baada ya swala ya alasiri tukaingia kwenye gari, tukaanza kuzunguka Riyadh kutafuta sanduku.

Duka la kwanza, kubwa, la vitabu na kompyuta, kijana alitutolea roboti nzima nzima. Haitaki chochote ila kuchajiwa. La pili, duka la michezo ya watoto ndani ya mall, wakatuonyesha ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. La tatu lilikuwa Olaya, kule kwenye maduka ya kompyuta. Muuzaji, mtu mzima wa Kerala, alinisikiliza mpaka mwisho nikichora hewani kwa mikono: ubao, spring'i, waya za rangi, kitabu cha maelezo. Akatabasamu. "Ah, zile! Zamani tuliuza. La mwisho lilikaa rafuni miaka miwili, nikampa mtoto wa ndugu yangu. Kava la simu nauza ishirini kwa siku, sheikh."

Tulipotoka nje binti akaniuliza, "Baba, kwani hicho kitu kipo kweli?"

Kipo, au kilikuwepo. Mimi la kwangu nilinunuliwa mwaka 1995, Jeddah, kwenye duka la Myemeni karibu na Bab Makkah, nikiwa na miaka 11. Tulikuwa tukiishi Karantina, kusini ya mji, karibu na bandari. Jina lenyewe linatokana na karantini ya mahujaji, enzi wanafika kwa meli na kuzuiwa kwanza wapimwe maradhi. Zama zetu palikuwa mahali pa watu wa kila namna: Wahausa, Wachadi, Waburma, Wasomali, Wayemeni, na sisi Waswahili wachache tuliotambuana kwa harufu ya nazi kwenye sufuria. Baba alikuwa akipakua mizigo kwenye ghala moja la bandarini, mshahara riyali 900. Sanduku lilikuwa riyali 80. Mama hakusema na Baba kuhusu jambo lolote la fedha kwa wiki nzima.

Nieleze lilivyokuwa, maana wasomaji vijana hawajaliona. Ndani kuna ubao mpana wenye vipande vilivyokwisha kupigiliwa: transista mbili tatu, rezista zenye mistari ya rangi, kapasita, dayodi moja ya kioo, taa ndogo, koili iliyozungushiwa kijiti cheusi. Kila kipande kina spring'i ndogo pembeni yenye namba. Ukitaka kuunganisha unaipinda spring'i kidogo, unachomeka ncha ya waya, ukiiachia inabana. Hakuna risasi wala moto. Kitabu kinakwambia: 4 kwenda 17, 17 kwenda 33. Ukimaliza namba zote, taa inawaka, au kengele inalia mvua ikidondokea kwenye waya. (Mvua Jeddah! Tuliidondoshea maji ya birika.)

Jaribio nililolipenda ni redio isiyo na betri. Waya mrefu juu ya paa, koili, dayodi, na kidude cha kuweka sikioni. Nguvu yote inatoka kwenye mawimbi yenyewe yanayopita hewani, ambayo stesheni imeyarusha. Dayodi inayachuja yabaki ya upande mmoja, na sikio linasikia. Usiku nilifunga waya kutoka kwenye tangi letu la maji hadi kwenye kamba ya nguo ya jirani Mchadi, nikalala nikisikiliza Qur'ani na taarifa za habari za Kiarabu. Mpaka leo sijaona teknolojia iliyonishangaza kuliko ile.

Shida ni kwamba kidude kile kilikuwa kimoja na sikio ni la mtu mmoja. Wenzangu wa chuoni hawakuamini. Nikataka spika. Na spika ndani ya nyumba ile ilikuwa moja tu, ndani ya redio ya Baba.

Redio ya Baba ilikuwa na mawimbi mafupi, na ilikuwa na kazi moja. Saa za Jeddah ndizo saa za Bukoba, kwa hiyo jioni Baba akirudi kazini alijua kwamba nyumbani nako saa ni ile ile. Anaweka redio dirishani, anavuta antena, anatia mdomoni punje mbili tatu za kahawa ya kutafuna aliyoletewa kutoka Uhayani, anatafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Simu ilikuwa ya kibanda, na dakika moja ya kupiga Tanzania ilikuwa chakula cha siku. Barua ilichukua mwezi. Redio ndiyo ilikuwa kijiji chetu.

Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, Baba akiwa zamu ya usiku, nikaifungua. Niliweza kulegeza skrubu, nikaichomoa spika. Ilikuwa imeshikwa na waya mbili nikazikata kwa wembe. Katika kuvuta, mkono ukapita kwenye koili, ambayo waya zake ni nyembamba kama unywele, nikazing'oa pia. Sikujali. Nilikuwa nimekusudia kurudisha kila kitu kesho yake.

Asubuhi ya siku ile ile, mbali huko, MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza.

Jumatano Baba alirudi mapema, bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mmombasa mmoja waliyefanya naye kazi ndiye aliyemwambia: nimesikia meli ya kwenu imezama. Baba hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Redio ilikuwa wazi kama samaki aliyepasuliwa, spika iko kwenye ubao wangu imezungukwa na waya nyekundu na njano.

Nilingoja kipigo. Hakikuja. Alikaa chini sakafuni akasema, "Irudishe." Nikashika waya, nikashika koili, nikajaribu kuzisokota kwa kucha. Lakini waya za redio hazina spring'i. Zinataka risasi na pasi ya moto, na mimi sikuwahi kuvishika. Fundi wa mtaa alikuwa amefunga juma lile kwa kuogopa msako wa watu wa pasipoti. Nikamwambia Baba redio yangu ya ubao inasikika. Akaweka kidude sikioni. Uso wake ninauona hata sasa: anasikiliza Kiarabu akisubiri kisemwe kitu kwa Kiswahili, na kile kisanduku kilikuwa kinakamata masafa ya kati tu, stesheni za karibu. Alikaa nacho sikioni muda mrefu.

Baba Mdogo, mdogo wake wa kufuatana, alikuwa akifanya biashara ya ndizi na kahawa kati ya Bukoba na Mwanza. Tulipata uhakika Ijumaa, kwenye kibanda cha simu, baada ya kupiga mara nyingi kwenye duka moja mjini Bukoba. Alikuwemo. Meli ile iliyojengwa kuchukua watu 430 ilikuwa imejaza kupita kiasi, na waliokufa walizidi 800. Wengi hawakutambuliwa, wakazikwa pamoja Igoma, nje ya Mwanza. Tunaamini naye yuko huko.

Najua redio isingemwokoa. Hata Baba aliwahi kuniambia hivyo, mimi nikiwa tayari mtu mzima mwenye ndevu. Lakini siku zile mbili nchi nzima ilikuwa kwenye maombolezo na yeye alikuwa akipakua saruji bila habari, na chanzo ni mimi.

Ijumaa iliyofuata alinichukua hadi Bab Makkah kwa yule yule Myemeni. Nilidhani anakwenda kurudisha sanduku. Akanunua pasi ya kulehemu na kipande cha risasi. Akaniwekea mbele yangu vyote pamoja na redio, akaenda kuswali. Ilinichukua wiki tatu. Niliunguza vidole, niliunguza busati la Mama, fundi alipofungua alinionyesha namna ya kukwangua ule unywele wa shaba mpaka ung'ae kwanza, ndipo risasi ishike. Kila jioni Baba akiingia aliuliza neno moja: "Imesema?" Haijasema. Jioni ilipokuja kusema, sauti ilikuwa ya mikwaruzo lakini Kiswahili. Tulikaa wote watatu tukasikiliza mpaka mwisho. Bukoba haikutajwa tena.

Nimeyaandika haya kirefu kwa sababu mara nyingi nasikia watu wakisema masanduku yale yalikuwa michezo ya watoto tu, na yamekufa kwa sababu watoto wamekuwa wavivu. Siamini. Yamekufa kwa hesabu. Wasomaji mlioko Marekani mtakumbuka RadioShack, iliyoanza Boston mwaka 1921 na kuwasilisha ombi la kufilisika Februari 2015, ikiwa imeshageuka zamani kuwa duka la simu. Heathkit ya Michigan, iliyouza hata televisheni za kujiundia mwenyewe, iliacha biashara ya masanduku mwaka 1992. Mlioko Uingereza mliona Maplin ikianguka Februari 2018 na maduka yake zaidi ya 200. Zamani kujiundia redio kulikuwa nafuu kuliko kuinunua. Viwanda vya Asia vilipoishusha bei, ile iliyokwisha kuundwa ikawa rahisi kuliko vipande vyake. Kisha vipande vyenyewe vikawa vidogo kama punje za mchanga, vinabandikwa na mashine. Mkono wa mtoto hauna pa kushika. Na rafu ya duka inalipiwa kodi, kama alivyonieleza yule bwana wa Olaya.

Nyumbani Afrika Mashariki, kwa kweli, hatukuwahi kuwa na rafu hizo za kusema zimetoweka. Tulikuwa na mafundi. Philips iliunganisha redio Arusha, National Dar es Salaam, na zikiharibika kulikuwa na fundi redio kila soko, ambaye kibanda chake ndicho kilikuwa sanduku letu. Hata leo mtoto wa Nairobi akishuka Luthuli Avenue atapata transista moja moja kwa shilingi chache, jambo ambalo mimi Riyadh, mji wa minara ya vioo, nimelikosa kwa siku mbili.

Tuliendelea kutafuta. Jumamosi tulikwenda haraji ya Bin Qasim, ambako vitu vya zamani huja kufia. Tulipata redio nyingi zilizokufa, na sanduku moja la aina ile ile, lisilo na kitabu, spring'i zimeshika kutu. Muuzaji alitaka riyali 200, eti ni la kale. Nikacheka, nikaliacha. Sasa najuta kidogo.

Ningependa kusema nilikwenda Jeddah kwa yule Myemeni, lakini nilishakwenda mwaka 2022, na duka lake lilikuwa la kava za simu. Siku ile nilipitia Karantina pia. Ubomoaji wa mitaa ya kusini ulianza Oktoba 2021, na kuta zilizobaki zilikuwa na neno moja la rangi, ikhlaa, hameni. Nilijaribu kuikisia nyumba yetu kwa kuhesabu kutoka msikitini. Sikuupata msikiti. Tulikuwa wapangaji, hatuna cha kudai, ila nilitaka kuliona lile tangi la maji.

Mwishowe nikaagiza kwenye intaneti. Kilikuja kifurushi kutoka China: ubao mdogo wa programu wa ukoo wa Arduino, ule uliobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, pamoja na taa na waya. Ni kitu kizuri, sitakidharau. Binti aliandika mistari sita kwenye kompyuta, taa ikapepesa. Baada ya robo saa akaniuliza, "Halafu?" Nikamtolea pasi yangu ya kulehemu, nikamwagizia vipande vya redio ya dayodi kimoja kimoja, vyote pamoja havikufika riyali 40. (Kama na wewe unataka kuwabebea watoto wa ndugu zako vitu hivi ukienda likizo, betri za akiba za lithiamu ziweke kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku la chini. Mimi nilifunguliwa mzigo wote uwanja wa ndege, nikafungasha upya mbele ya foleni.)

Tatizo jipya ni hewa yenyewe. Masafa ya kati yamepungukiwa watu. Hata redio ya Kiarabu ya BBC, iliyokuwa ikinilaza usingizi Karantina, ilifungwa Januari 2023. Na nyumba ya Riyadh imejaa chaja na taa zinazochafua mawimbi. Juzi usiku tulipanda paani na mita 15 za waya. Binti aliunguza kidole gumba, akasema neno ambalo sijui amejifunza wapi. Baba yuko Bukoba siku hizi, amestaafu, na alikuwa kwenye simu ya picha akitutazama gizani, anasikia vibaya kidogo.

"Shikamoo Babu," binti akamwambia, kidude kiko sikioni. "Nasikia kama vile mtu anakaanga kitu."

"Marahaba mjukuu wangu. Kamba ya waya umeifunga wapi?"

"Kwenye tangi la maji."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema tuivute zaidi upande wa bahari, na mimi nikamkumbusha kwamba Riyadh haina bahari.